Vieuxtemps hakuwa wa fidla tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wapiga fidla wa karne ya 19 niliifurahia, ila kwa Vieuxtemps mmeishia kwenye fidla tu. Mbelgiji huyo, mzaliwa wa Verviers mwaka 1820, alipiga pia viola, ndugu ya fidla iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, akaitungia muziki: sonata, Elegia, na Capriccio ya viola peke yake. Mimi napiga viola kanisani miaka 22 sasa, na bado naulizwa, "Mwalimu, mbona fidla yako imevimba?" Hiyo Capriccio huanza polepole, kwa huzuni, nikigusa uzi wa chini kabisa, mngurumo nausikia hadi kidevuni. Halafu kiharusi kilimkatiza Vieuxtemps kupiga, akafia Algeria mwaka 1881. Afrika hii hii, jamani, nanyi jambo hilo mmeliruka!

Msomaji wenu,
Moshi