Barua ya wazi kwa vijana waliomcheka fundi cherehani

Wanangu wa kikundi cha maigizo,

Siku ya usaili wa waigizaji wapya nilikuwa nimekaa kule nyuma, kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mkono. Mliniamkia vizuri tu, kisha mkasahau kwamba nipo. Akaingia yule fundi cherehani, mtu wa miaka 31, ametoka kazini moja kwa moja, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wenu akasema, "Anko, kikao cha wazazi ni wiki ijayo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwingine akamrekodi. Usiku video nikaikuta kwenye stetasi ya mtoto niliyemfundisha mwenyewe namna ya kusimama jukwaani.

Sikusema kitu siku ile, maana nikisema na hasira huwa natukana. Leo zimepungua. Si sana.

Profesa Snape wa filamu za Harry Potter mnamjua. Kila tukipumzika mazoezi kuna mmoja wenu anamwigiza, anakokota maneno, anashusha pua. Mwenye sauti ile alikuwa mwigizaji Alan Rickman, mzaliwa wa London, 1946. Baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alifariki mtoto akiwa na miaka minane, mama akabaki na watoto wanne. Kijana alisomea usanifu wa michoro, akafungua ofisi na wenzake, kazi zikawa zinaingia. Alipofika miaka 26 ndipo akaandika barua kwa RADA, chuo cha uigizaji cha London, kuomba asailiwe. Wakamsikiliza, wakamchukua. Angekuja kwenu mngemwita anko.

Na alipokuwa chuoni alikula kwa kazi gani? Alikuwa akiwavalisha waigizaji wakubwa, Ralph Richardson na Nigel Hawthorne. Mvalishaji ndiye anayesimama gizani nyuma ya pazia kashika koti wazi, mwenye koti atoke jukwaani anahema, aingize mikono, afungwe vifungo, arudi kwenye taa kabla watazamaji hawajakohoa. Hapigiwi makofi mtu huyo. Lakini kila usiku anaona kwa karibu jinsi mwigizaji mkubwa anavyovuta pumzi kabla ya kutoka, shule ambayo hakuna ada inayoweza kuinunua.

Ninyi nikiwaambia mkunje mavazi baada ya onyesho mnanitazama kama nimewadai mahari. Juzi nimelikuta joho la mfalme chini ya benchi, limekanyagwa, lina alama ya soli ya raba na ganda la karanga mfukoni. Nani alilishona lile joho mwaka jana, bure, kwa vitambaa vyake? Ulizeni. Halafu mkumbuke mlimcheka nani.

Baada ya chuo Rickman alizunguka miaka kwenye kumbi za mikoani huko Uingereza, Manchester, Leicester, Sheffield. Mwaka 1985, akiwa na kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare, akapata nafasi ya Valmont katika igizo la Les Liaisons Dangereuses, mwungwana mwenye sumu ulimini. Igizo likavuka hadi New York mwaka 1987, yeye akapendekezwa kwa Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani huko Marekani. Kisha Hollywood wakakitengenezea filamu kisa kilekile, na nafasi ile aliyoijenga kwa jasho lake wakampa John Malkovich. Mmoja wenu alijitoa kwenye kundi la wasapu kwa sababu jina lake liliandikwa la pili kwenye bango.

Filamu yake ya kwanza ya sinema ilikuwa Die Hard, akicheza kiongozi wa majambazi wanaoteka watu ndani ya jengo. Ilipotoka mwaka 1988 alikuwa na miaka 42. Na hapa fundi wetu asikilize. Walitaka kumvalisha kigaidi, mavazi ya kivita. Mgeni yule, ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera ya sinema, akamwachia mtayarishaji karatasi mezani: je, nikivaa suti? Nikivaa suti naweza kujifanya mmoja wa mateka, adui yangu asinitambue. Wakakubali, na ile sehemu ya kujifanya mateka ikaingia kwenye filamu. Jicho lile lilianzia kwenye usanifu na kwenye kushika makoti ya watu. Miaka mliyodhani imempotea ndiyo iliyompa suti.

Mengine nitayapitia haraka, mmeshayasikia kwangu hadi mmechoka. Njooni kwa wakati. Mwenye mistari mitatu aijue mitatu. Tuzo msizihesabu, Rickman hakupendekezwa kwa Oscar hata mara moja. Siri za kazi zikae tumboni: Rowling, mwandishi wa vitabu vya Harry Potter, alimdokeza jambo la Snape kabla vitabu vya mwisho havijatoka, akalibeba miaka yote bila kulitoa. Ninyi mwisho wa igizo letu ulikuwa TikToki kabla tiketi hazijauzwa.

Ila kicheko kile hamkukizua ninyi, najua. Mmekulia kwenye matangazo ya kazi yanayosema mwombaji asizidi miaka 25, awe na uzoefu wa miaka mitano. Mtoto akisema anataka sanaa tunamwambia ni uhuni. Ukumbi wa umma niliochezea mimi nikiwa kijana sasa ni wa harusi, mlangoni pamewekwa bei ya viti. Rickman yatima alipata ufadhili wa kusoma shule ya Latymer Upper, na kumbi za mikoani zilikuwepo za kumlea. Sisi wazee hatukuwaachia hata jukwaa la kuangukia, basi mnang'ang'ania hiki kidogo kwa viwiko. Hilo naliungama, na linaniuma.

Jana nimekwenda kibandani kwake. Alikuwa anapandisha pindo la sare ya shule, pini kazibana mdomoni, hivyo alinijibu kwa kichwa tu. Video ameiona. Mteja ndiye aliyemwonyesha. Baadaye, bila kuacha kukanyaga cherehani, akanisomea ile hotuba yote aliyokuja nayo siku ya usaili, kwa sauti ya chini, na aliposhika kituo kabla ya neno la mwisho, sindano nayo ikasimama.

Alhamisi saa kumi nakuja naye. Joho liwe limefuliwa na kupigwa pasi. Mwenye ile video aifute, kisha amwombe radhi mbele ya waliocheka.

Mzee wenu