Baba hataki ndugu zangu wajue ana glakoma

Mshauri, salaam.

Uniwie radhi nikirefusha, maana jambo lenyewe limefungana na mengine. Baba yangu ana glakoma, ile ambayo wengi tunaiita presha ya macho. Katika familia tunaojua ni mimi na yeye tu. Mama alishatangulia mbele ya haki. Mimi ndiye kitindamimba, ndiye ninayempeleka kliniki, na amenikataza katakata kuwaambia kaka na dada. Anasema mzee akishajulikana kuwa haoni vizuri, watoto huanza kumwamulia hata pa kukaa. Hofu hiyo naielewa, na sidhani kama anakosea sana.

Ugonjwa uligunduliwa kwa bahati. Alikwenda kutafuta miwani ya kusomea, akapimwa na shinikizo la macho, jicho la kulia likasoma 34 na la kushoto 28, wakati kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Na siku hiyohiyo alisoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho! Tukaelezwa kwamba glakoma ya aina yake hula pembeni kwanza, katikati pakabaki safi hadi ugonjwa umekomaa. Ndani ya jicho hutengenezwa majimaji muda wote, nayo yana njia yake ya kutokea. Njia hiyo ikiwa nzito kupitisha, shinikizo hupanda na kuua polepole nyuzi za neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Hakuna maumivu wala wekundu. Ipo aina nyingine inayokuja ghafla, jicho linauma vibaya, mtu anatapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Huyo hukimbizwa hospitali saa ileile. Kuna siku natamani ya baba ingekuwa hiyo, Mungu anisamehe, maana angalau angeamini kuwa anaumwa.

Kwa sababu haamini. Aliandikiwa tone moja kila jicho, kila usiku, kwa maisha yake yote. Mwanzoni aliweka. Baadaye macho yakaanza kuwasha na kuwa mekundu, na haoni nafuu yoyote, akaacha. Nikamkumbusha tulivyoambiwa, kwamba dawa hairudishi kilichokwisha potea, kazi yake ni kulinda kilichobaki. Akanijibu kuwa dawa isiyoonekana kazi yake ni maji ya kulipia. Tena presha yake ya damu huipima mara kwa mara, akiikuta sawa anahesabu na macho yako sawa, japo hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa sikia ujanja wake. Kliniki ikikaribia anarudi kwenye chupa kwa bidii kama mwanafunzi wa siku ya mtihani. Tukifika, shinikizo linasoma 16 au 17, daktari anampongeza, mzee anatabasamu. Lakini kile kipimo cha kubonyeza kitufe kila unapoona kidoa cha mwanga hakidanganyiki: kila tukirudi, sehemu nyeusi kwenye karatasi ya majibu, yaani pale asipoona, imesogea zaidi kuelekea katikati. Daktari anashangaa. Safari iliyopita alisema huenda hata shinikizo hilo bado ni kubwa kwa neva iliyochoka, akaanza kuzungumzia upasuaji wa kuyafungulia majimaji njia mpya. Mimi nimekaa kando, kimya, baba ananitazama. Pengine upasuaji ndio unaomfaa mtu asiyeweza kushikamana na matone. Basi daktari aamue hivyo akiujua ukweli, siyo akidhani dawa imeshindwa.

Hilo ni la baba. Linaloninyima usingizi zaidi ni ndugu zangu. Kaka yetu mkubwa ni dereva wa masafa marefu, amepita miaka 50, na macho yake hayajawahi kuangaliwa zaidi ya kusomeshwa herufi. Dada anayemfuata ana mzio wa macho, na hujinunulia mwenyewe matone yenye steroidi kila yanapomsumbua. Kliniki waliniambia wazi kwamba matone hayo yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi yanaweza kupandisha shinikizo, na kwamba mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine.

Mimi nilipimwa kimyakimya. Shinikizo lilikuwa 18, nikashusha pumzi, lakini mpimaji akasema namba hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo ambao neva zao huharibika shinikizo likiwa la kawaida. Akaniwekea dawa ya kupanua mboni akaitazama neva yenyewe, akapima na unene wa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, maana konea nyembamba hufanya shinikizo lisome chini kuliko lilivyo. Nimeambiwa sina ugonjwa, ila nirudi kila mwaka. Ndicho ninachotaka kaka na dada nao wafanyiwe.

Nimejaribu kuwahimiza bila kutaja sababu. Kaka alicheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Kwetu mdogo hawaagizi wakubwa, na bila kumtaja baba maneno yangu hayana uzito wowote.

Kwa hiyo naomba unishauri. Je, ni haki kumwambia daktari faraghani kuhusu hayo matone, au nimpe baba kwanza nafasi ya kusema mwenyewe nikiwa pale? Nimesikia pia ipo tiba ya leza inayoweza kumpunguzia mtu matone, hata kumwondolea kabisa kwa muda. Naogopa kuiulizia, kwa sababu swali litakalofuata ni kwa nini matone yamemshinda. Na kwa ndugu zangu, kuna namna ya kuwaambia kwamba ugonjwa huu umo katika damu yetu, bila baba kuona nimemvua nguo mbele ya watoto wake? Au nimweleze waziwazi kwamba siri hii si yake peke yake, kisha nikubali hasira zake?

Ningeshukuru kupata jibu kabla ya kliniki ijayo.

Ni mimi,
Kitindamimba