Ile gesi ya haradali mliyoiandika haiui papo hapo

Ndugu mhariri, habari za kazi. Mimi ni nesi mstaafu, niko Morogoro huku, gazeti lenu nalisoma kijana wa duka la jirani akishamaliza yeye kwahiyo barua zangu huwa zinachelewa siku mbili tatu, mtanisamehe. Nataka kusema kuhusu ile makala yenu ya silaha za kemikali, pale mlipoandika eti mtu akivuta gesi ya haradali anakufa papo hapo, halafu mkaweka na picha ya moshi wa kijani. Jamani. Ingekuwa mmekosea jina la mtu ningenyamaza, ila hapa mmekigeuza kitu chenyewe kichwa chini miguu juu.

Kwanza huo moshi wa kijani ni klorini, ambayo Wajerumani waliiachia Ypres kule Ubelgiji Aprili 1915. Haradali ilikuja baadae, Julai 1917, hapo hapo Ypres, na wala sio gesi kihivyo, ni kimiminika kama oili, kinapanda hewani taratibu, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa kwahiyo unazama mashimoni na kwenye vyumba vya chini. Hilo jina ni la harufu tu, wengine wanasema inanuka kitunguu saumu, haina undugu wowote na haradali ya kwenye achari.

Sasa hili la papo hapo ndio limenifanya nichukue simu niandike. Wodini nimepokea mafundi gereji waliorukiwa na maji ya betri, yule anapiga kelele hapo hapo, anakimbilia bomba kabla hajaambiwa na mtu, yaani maumivu yenyewe ndio yanamuokoa. Haradali haikupi hiyo nafasi. Inakugusa saa hizi, dakika chache tu ishapenya kwenye ngozi imeanza kuharibu vinasaba, na wewe husikii kitu, unakula, unapiga stori, unalala. Saa mbili mpaka 24 zikipita ndio macho yanaanza kuwasha kama yameingia mchanga, kope zinavimba hazifunguki, sauti inakauka, ngozi inakuwa nyekundu halafu yanatoka malengelenge makubwa yamejaa maji ya njano, na inapenda sana penye unyevu, kwapani, kinenani, sehemu za siri, kwahiyo anayetoka jasho ndio balaa zaidi. Dawa ya kuivunja mpaka leo hakuna. Ni kuvua nguo haraka na kuoga maji na sabuni, ukishachelewa hapo kinachobaki ni kuuguza vidonda na kusubiri.

Kama nesi kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Bari, Italia, tarehe 2 Desemba 1943. Ndege za Wajerumani zilipiga bandari usiku, na kati ya meli zilizoungua kulikuwa na moja ya Marekani, John Harvey, imebeba mabomu kama 2,000 ya haradali kwa siri, hata hospitali za pale hazikujua. Mabaharia wakaopolewa majini wamelowa oili mwili mzima, oili imechanganyika na ile sumu. Manesi wakafanya kile ambacho hata mimi ningefanya, mtu anatetemeka, hana jeraha la maana, unamfunika blanketi unampa chai ya moto unakimbilia wenye damu. Wakalala na nguo zile zile. Asubuhi wodi nzima watu wanalia hawaoni, na wapo waliokuwa wamekaa wanaongea vizuri kabisa halafu ghafla wamekufa. Wanajeshi na mabaharia waliolazwa kwa sumu ni zaidi ya 600, wakafa 83, raia wa mjini hata hawakuhesabiwa vizuri. Hao 83 wengi wangeweza kuokolewa na ndoo ya maji na mtu wa kusema ukweli, ila kwa upande wa Waingereza, waziri mkuu wao Churchill akataka iandikwe kwamba ni kuungua tu kwa sababu ya mashambulizi ya adui!

Daktari wa jeshi la Marekani, Stewart Alexander, ndie aliyegundua ni nini, na akaona kwenye damu za wale wagonjwa chembe nyeupe zimeshuka vibaya sana. Madaktari wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuwa wameshaanza mwaka 1942 kujaribu sumu ya ukoo mmoja na haradali kwa mgonjwa wa kansa, na kwenye ukoo huo huo ndio ikatoka saiklofosfamaidi, dawa ya kansa, ile tunayowapa watoto wenye uvimbe wa taya. Mimi nimeitundika dripu hiyo mara ngapi sijui, na ndio maana tulikuwa lazima tupime damu kwanza tuone hizo chembe nyeupe.

Sasa tuje kwa mnaowaita waliopona. Vita vya kwanza vya dunia, kati ya waliopatwa na haradali waliokufa hawakufika hata 5 kwa 100, ukisoma namba hiyo utasema mbona afadhali. Nendeni Iran muwaone hao afadhali. Ndege za Iraq ziliupiga mji wa Sardasht tarehe 28 Juni 1987, mji wa raia, Wakurdi, wakafa zaidi ya 100 lakini walioumia ni maelfu, na wengine mpaka leo wanalala na mtungi wa oksijeni pembeni, mapafu yamekakamaa, ngozi inawasha usiku kucha, na kuna ambao macho yalitulia miaka kumi, hata ishirini, halafu kioo cha mbele cha jicho kikaanza kuharibika upya wakawa vipofu. Kansa pia, wafanyakazi wa kiwanda cha Japan kisiwani Okunoshima waliokuwa wanaitengeneza waliugua sana kansa ya mapafu. Huyu mtu kwenye hesabu yenu mmemweka wapi, hai au maiti?

Halafu kilichonishangaza zaidi mmezunguka Ulaya, mkaenda Syria, hapa Ethiopia mmeparuka. Waitaliano walikuwa wameshatia saini Mkataba wa Geneva wa 1925 wa kukataza hizi sumu, ila 1935 na 1936 wakaimwaga haradali kwa ndege juu ya watu wa Ethiopia, ng'ombe, mito na malisho, wengi wa waliomwagiwa wakiwa pekupeku na shuka tu. Mfalme wao Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 mbele ya Shirikisho la Mataifa akawaeleza kila kitu, wakamsikiliza, basi. Serikali ya Italia ilikuja kukiri rasmi 1996, miaka 60 baadae. Na vijana wa KAR, lile jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika ndio walioenda kupigana na Waitaliano huko huko 1941, kwahiyo sio habari ya mbali na sisi hata kidogo.

Naomba mrekebishe, na sio kwa kale kamstari kadogo ka ukurasa wa mwisho chini ya matangazo ya viwanja. Futeni hilo neno papo hapo, toeni picha ya klorini, na Ethiopia muipe ukurasa wake. Kijana wa dukani nimeshamwambia toleo la Jumamosi asifungie maandazi mpaka nilione.

Nesi mstaafu,
Morogoro