Waja leo, waondoka leo: VPN kati ya duka la Ngamiani na nyumba ya Raskazone

Maombi tunayopokea yanafanana. Duka liko Ngamiani, nyumba iko Raskazone au Sahare, zote hapa Tanga, na mwenye mali anataka akiwa nyumbani aone kamera za dukani, afungue kompyuta ya hesabu iliyo kaunta, na ikibidi achape karatasi kwenye printa ya stoo. Ruta mbili zinatosha kwa kazi hiyo, kupitia VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti. Moja inakuwa seva (inayopigiwa), ya pili klienti (inayopiga), na vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta hizo vinaonana kana kwamba vimechomekwa kwenye ruta moja, bila kuweka programu kwenye kila simu na kila kompyuta.

Shida ni kwamba wengi wanafika wakiwa wameshanunua ruta. Kinachoamua kama VPN itasimama ni anwani ya IP ambayo kampuni ya intaneti inakupa upande wa seva, na hiyo haiuzwi dukani kwetu wala kwa jirani. Basi kabla ya kutoa hela, pima.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uliyonayo sasa, tafuta sehemu iliyoandikwa WAN (upande wa intaneti), na unakili anwani ya IP iliyopo hapo. Kisha chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, zima data ya laini, na uiulize Google IP yako ni ipi. Namba mbili zikifanana, una anwani ya umma na kazi yako ni nyepesi. Zikitofautiana, tazama ile ya WAN inaanzaje.

Ikianza na 192.168, maana yake mbele ya ruta yako kuna ruta nyingine, na karibu kila mara ni kile kiboksi cha faiba alichofunga fundi wa kampuni. Hilo linarekebishika: kiboksi kiwekwe katika hali ya bridge (kipitishe tu, kisifanye kazi ya ruta), au poti ya UDP 51820, mlango wa VPN hii, ielekezwe kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye ruta yako. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, inaweza kuwa ni kiboksi hicho, inaweza pia kuwa ni mtandao wa ndani wa kampuni. Ingia kwenye kiboksi chenyewe urudie kipimo. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike na poti. Hiyo ni CGNAT: anwani moja ya umma wanagawana wateja wengi. Fikiria S.L.P. ya shule. Mwanafunzi akiandika barua hujibiwa, kwa kuwa jina lake limo kwenye barua aliyotuma. Mtu wa nje akiandika kwa S.L.P. tupu, bila jina, barua inaishia ofisini. Ndivyo klienti wako atakavyobisha hodi na asifunguliwe. Ruta za laini ya 4G kwa kawaida ziko katika hali hii.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba si lazima seva iwe dukani eti kwa sababu kamera ziko dukani. Handaki (njia ya VPN kati ya ruta mbili) likishasimama, data inapita pande zote mbili sawasawa. Seva ni yule anayepigiwa tu. Kama nyumbani una faiba yenye anwani ya umma na dukani una laini ya 4G, nyumba iwe seva, duka lipige simu nyumbani. Mara nyingi kugeuza huku kunamaliza mjadala bila senti ya ziada.

Pande zote mbili zikiwa CGNAT, zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kuomba kampuni ikupe IP ya kudumu kwa malipo ya kila mwezi; uliza kwanza, maana baadhi huwapa wateja wa biashara tu. Ya pili ni kukodi seva ndogo ya mtandaoni, ruta zote mbili ziwe klienti wake. Inafanya kazi vizuri, ila kila pakiti (kipande cha data) ya kutoka Ngamiani kwenda Raskazone itapitia huko seva iliko, na ukiikodi Ulaya utahisi uzito kwenye kompyuta ya hesabu. Ya tatu ni huduma ya MikroTik, watengenezaji wa ruta, iitwayo Back To Home, ambayo hupitisha data kwenye mitambo yao pale unapokosa IP ya umma. Kwa simu moja inayochungulia kamera inatosha. Kwa kuunganisha ofisi mbili kutwa nzima hatuipendekezi.

Hata anwani ya umma, isipokuwa umelipia ya kudumu, ina tabia ya ule msemo wa Tanga yetu: waja leo, waondoka leo. Umeme ukikatika na kurudi, unaweza kupewa nyingine. Kwa hiyo klienti asipewe namba, apewe jina. Kwenye MikroTik jina hilo ni la bure; andika amri hii kwenye Terminal ya ruta:

/ip cloud set ddns-enabled=yes

Ruta itakupa jina refu linaloishia na sn.mynetname.net, na jina hilo litafuata anwani popote itakapohamia.

Vifaa

Tunachofunga zaidi ni MikroTik hAP ax2, moja kila upande. WireGuard, aina ya VPN tunayotumia, ilikuja kwenye RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, kuanzia toleo la 7.1, kwa hiyo ruta yoyote yao inayobeba toleo hilo bila kuhema itafaa. Ile ndogo ya hAP lite, yenye RAM ya MB 32, iache ifanye kazi zake nyingine. Asiyetaka kabisa kugusa WinBox, programu ya kupanga MikroTik, achukue ruta ya GL.iNet: seva na klienti wa WireGuard vyote vimo kwenye ukurasa wake, kwa vitufe. TP-Link zipo zinazoweza na zipo zisizoweza. Soma maelezo ya modeli yenyewe, usiridhike na neno VPN kwenye boksi. Ruta isiyo na WireGuard ikawa na OpenVPN, aina nyingine ya VPN, inakubalika, ila ni nzito zaidi kwa prosesa ileile. PPTP, VPN ya kizamani, usiikubali hata fundi akikuapia: njia yake ya kuhakiki nywila ilivunjwa hadharani mwaka 2012.

Ongeza mini-UPS kila upande, moja ya kubeba ruta pamoja na kiboksi cha faiba. Soma volti kwenye adapta zote mbili kabla ya kuinunua, kwa sababu si kila mini-UPS inatoa volti unazohitaji. Na kwa nyumba za Raskazone, waya unaopita nje uwe wa nje kweli, na kichwa cha RJ45 (plagi ya waya wa mtandao) kikae ndani ya boksi lililozibwa. Hewa ya chumvi hugeuza pini za shaba kuwa kijani, mtandao ukaanza kukatikakatika, na lawama zote zikaangukia VPN.

Kusimamisha

Anza na mitandao ya ndani, kwa sababu hapa ndipo wanaojaribu wenyewe wanapokwama. MikroTik mpya zote hutoka kiwandani na 192.168.88. Ukifunga mbili, duka ni 88 na nyumba ni 88. Kompyuta ikitafuta kamera yenye 192.168.88.20 inadhani iko hapohapo sebuleni na wala haiipelekei ruta. Handaki litasimama, namba zitasoma, na hakuna kitakachofunguka. Kupitia Quick Set, nyumba iwe 192.168.50.1 na duka liwe 192.168.60.1. Handaki lenyewe tutalipa 10.77.0.

Kwenye ruta ya seva, hapa nyumbani:

/interface wireguard add name=wg-duka listen-port=51820 mtu=1420
/ip address add address=10.77.0.1/24 interface=wg-duka
/interface wireguard peers add interface=wg-duka public-key="UFUNGUO-WA-DUKA" allowed-address=10.77.0.2/32,192.168.60.0/24
/ip route add dst-address=192.168.60.0/24 gateway=wg-duka
/ip firewall filter add chain=input action=accept protocol=udp dst-port=51820

Kanuni hiyo ya mwisho, ya fayawoli (ulinzi wa ruta), itaingia chini kabisa ya orodha, na chini kabisa haina kazi. Iburuze kwenye WinBox ikae juu ya ile inayotupa kila kisichotoka LAN (mtandao wa ndani).

Kwenye ruta ya klienti, dukani:

/interface wireguard add name=wg-nyumba mtu=1420
/ip address add address=10.77.0.2/24 interface=wg-nyumba
/interface wireguard peers add interface=wg-nyumba public-key="UFUNGUO-WA-NYUMBA" endpoint-address=JINA.sn.mynetname.net endpoint-port=51820 persistent-keepalive=25s allowed-address=10.77.0.0/24,192.168.50.0/24
/ip route add dst-address=192.168.50.0/24 gateway=wg-nyumba

Kila ruta hujitengenezea funguo mbili, wa siri na wa umma. Wa umma ndio unaovuka kwenda upande wa pili. Wa siri hautoki kwenye ruta, hautumwi WhatsApp, haupigwi picha. Mistari ya /ip route usiiruke. Kwenye kompyuta ya kawaida programu ya WireGuard huweka njia yenyewe, lakini RouterOS haifanyi hivyo. Sekunde 25 za keepalive (pakiti ndogo ya kuweka njia wazi) zinaizuia CGNAT ya laini ya simu isisahau njia ya kurudi, na zinakula chini ya MB 1 kwa siku, kwa hiyo usiiondoe kwa kuogopa bando.

Sasa piga ping (amri ya kupima kama kifaa kinajibu) 192.168.60.1 kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani. Itajibu, lakini ukurasa wa ruta hiyo hautafunguka, na hapo ndipo watu hubomoa kila kitu na kuanza upya bila sababu. Fayawoli ya kiwandani inaruhusu ping na data inayokwenda kwenye kamera, ila inakataa wengine wanaobisha kwenye ruta yenyewe kutoka kwenye handaki, kwa kuwa handaki halimo kwenye orodha ya LAN. Jaribu kamera kwanza. Kama unataka na ukurasa wa ruta ufunguke, dukani andika /interface list member add list=LAN interface=wg-nyumba, na nyumbani vivyo hivyo kwa wg-duka.

Inaposumbua baadaye

Kasoro inayochanganya kuliko zote ni ya saa. Kila WireGuard inapoanza salamu, klienti hutuma na saa yake. Seva hukumbuka saa ya mwisho iliyopokea na hukataa salamu yenye saa ya nyuma, ili mtu aliyenasa salamu ya zamani asije akaitumia. Ruta hizi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika dukani peke yake, ruta ya duka huamka ikidhani ni jana, salamu yake inakataliwa, na mwenye duka anaona intaneti ipo, handaki hakuna. Umeme ukikatika pande zote mbili kwa pamoja, seva nayo imesahau, wanaunganika vizuri. Ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka kama lina kichaa chake. Dawa ni kuwasha NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia intaneti) kwenye klienti na kuhakikisha NTP hiyo inapita kwenye intaneti ya kawaida. Aliyeelekeza intaneti yote ya duka kupitia handaki kajifungia mlango: saa inasubiri handaki, handaki linasubiri saa.

Kasoro ya pili: ping inajibu, WhatsApp inatembea, lakini ukurasa wa kamera unafunguka nusu na kuganda. Hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Pakiti kubwa hazipiti, ndogo zinapita. Shusha mtu kutoka 1420 hadi 1380 pande zote mbili, hasa kama upande mmoja ni laini ya simu, na uongeze kanuni ya mangle ya change-mss, clamp-to-pmtu.

Ya tatu ni klienti kung'ang'ania anwani ya zamani baada ya seva kupewa mpya. Skripti fupi ya Netwatch (kipima-uhai cha RouterOS) inayozima na kuwasha peer (kiungo cha upande wa pili) pale 10.77.0.1 inapokaa kimya huimaliza.

Ya nne si kasoro, ni hesabu. Ukitazama kamera za duka, kinachotumika ni kasi ya aplodi ya duka, sio ile kasi kubwa ya daunlodi iliyoandikwa kwenye kifurushi. Kamera iliyowekwa Mbps 2 inakula MB 900 kwa saa. Kamera nne ni aplodi ya Mbps 8 mfululizo na GB 3.6 kwa saa, na kwenye bando la 4G hizo zinaondoka kabla ya adhuhuri. Weka DVR (mashine ya kurekodi kamera) itume picha ndogo ya Mbps 0.5 kwa kila kamera. Nne zitakula MB 900 kwa saa zote pamoja. Picha kubwa ifunguliwe pale tu unapotaka kuona noti iliyo mkononi mwa mtu.

Kuhusu sheria: Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni wanaotumia VPN katika shughuli zao kuitaarifu, pamoja na anwani ya IP. VPN ya kuunganisha duka lako na nyumba yako ni VPN pia. Toa taarifa kabla ya kuiwasha.

Ukija kwetu, njoo na picha mbili za skrini kwa kila upande: ukurasa wa WAN wa ruta, na namba aliyokuonyesha Google. Piga picha na lebo ya adapta ya kiboksi cha faiba. Ruta usinunue bado.