Pimeni mashine kabla ya kununua mota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu mashine za kufulia, hasa zile zenye mfuniko juu. Watu wengi hutozwa fedha za mota au za kadi ya umeme (ubao wa saketi unaoiongoza mashine), kumbe kilichokufa ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanza, au chujio limeziba mchanga tu. Kinacholeta hasara hiyo ni tabia ya kubadilisha kifaa kabla ya kupima. Mashine hizi zina sehemu chache, na karibu kila hitilafu ina jaribio dogo linalotenganisha chanzo kimoja na kingine.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi na ufunge bomba. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi. Kapasita nayo huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo iondolewe chaji kwa rezista (kifaa cha kupunguza mkondo) ya kilo-omu 10 hadi 20, waya zake zikiwa zimefunikwa vizuri. Kugonganisha ncha zake kwa bisibisi, kama wengi wanavyofanya, huunguza ncha na huweza kuiua kapasita iliyokuwa nzima.

Nianze na maji kuingia. Mashine ikiwashwa ikanguruma kwa sauti ndogo nyuma, lakini maji yakawa yanadondoka tu, vali (kilango cha umeme kinachofungulia maji) imeshapata umeme. Tatizo liko kwenye maji yenyewe. Fungua mpira wa kuingizia maji, utaona ndani ya mdomo wa vali chujio dogo la plastiki lenye matundu. Livute taratibu kwa koleo, lisugue kwa mswaki, lirudishe. Usilitupe kwa sababu "linazuia maji", maana punje moja ya mchanga ikipita itakaa kwenye mpira wa vali na vali haitafunga tena. Chujio likiwa safi na maji bado ni madogo, angalia presha. Mashine nyingi huhitaji baa 0.3 hadi 0.5, na kila mita moja ya kimo cha tangi hutoa takriban baa 0.1. Ina maana tangi likae mita tatu hadi tano juu ya vali. Tangi lililowekwa juu ya kabati la bafuni halitoshi, hata vali ibadilishwe mara kumi.

Hitilafu ya kinyume chake ni maji kutokata. Hapa liko jaribio zuri kuliko yote, nalo halihitaji kifaa chochote: maji yakiwa yanaingia, chomoa plagi. Yakiendelea kuingia, vali imekwama wazi kwa uchafu au kwa mpira uliochakaa. Yakikoma, vali ni nzima na kuna kitu kinachoiagiza iendelee kufungua. Kitu hicho mara nyingi ni kipima kina cha maji. Kinaunganishwa na tangi kwa mpira mwembamba, na maji yanapopanda hewa iliyomo ndani ya mpira hubanwa na kukiambia kipimo kwamba maji yametosha. Mpira huo ukitoboka, ukichomoka au ukiziba kwa ute wa sabuni, mashine haitajua imejaa. Uchomoe upande wa kipimo, upulize taratibu kuelekea tangini, na uukague wote kama una ufa, hasa pale unapogusa bati. Hilo lifanyike kabla mtu hajataja kadi.

Kwenye kutoa maji ndipo watu wanapopotea zaidi, kwa sababu mashine hizi ziko za aina mbili na watu huzifunga kama aina moja. Zipo zenye pampu, na zipo zinazoachia maji yatoke kwa uzito wake. Isiyo na pampu lazima mpira wake wa kutolea maji ulale chini. Mdomo ukiinuliwa zaidi ya sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, maji hubaki tangini na mashine hukataa kukamua. Yenye pampu ni kinyume: mpira upandishwe karibu mita moja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ukiuacha chini, maji yatajivuta yenyewe na kutoka huku vali ikiingiza mengine, na mashine itajaza saa nzima bila kujaa. Kabla ya kuita fundi, angalia mpira ulivyolala.

Katika zile zisizo na pampu, kuna mota ndogo chini inayovuta waya au mkono wa chuma. Mvuto huo mmoja hufanya kazi mbili: hufungua vali ya kutolea maji, na huachia breki ili klachi ishike dramu kwa kukamua. Kwa hiyo dalili zisomwe pamoja. Maji hayatoki na dramu haikamui: mota hiyo ndogo haivuti, au haipati umeme. Maji yanatoka vizuri lakini dramu haizunguki au inazunguka kwa kujilazimisha: mvuto hauufikishi mkono wa klachi mwisho, waya umelegea, au springi ya klachi imekwisha. Maji yanatoka hata wakati wa kufua: vali haifungi, na ukiifungua mara nyingi utakuta kibanio cha nywele, kifungo au uzi uliojisokota. Kwenye zenye pampu, sikiliza. Ikinguruma bila kutoa maji, panga lake (feni ndogo inayosukuma maji) limekamatwa na sarafu au soksi ya mtoto. Ikiwa kimya kabisa, pima kama umeme unaifikia.

Kuna pia mashine inayotoa maji yote, inafika kwenye kukamua, kisha inasimama na kupiga kelele za onyo. Hapo angalia nguo kwanza. Blanketi moja peke yake hunywa maji na kuegemea upande mmoja. Ongeza mataulo mawili upande wa pili. Koti la mvua, turubai na kitu chochote kisichopitisha maji visikamuliwe kabisa, kwa sababu hushika maji kama mfuko, na mfuko huo ukipasuka dramu ikiwa kwenye mwendo mkali, mashine inaweza kujivunja. Nguo zikiwa sawa, pima swichi ya mfuniko kwa mita ya fundi ya kupimia umeme: mfuniko ukifungwa mkondo upite, ukifunguliwa ukatike (baadhi ya swichi hufanya kinyume, lakini lazima pawe na mabadiliko). Ikiwa imekufa, nunua nyingine. Nawasihi mafundi wenzangu tuache kabisa kuunganisha waya zake moja kwa moja ili "mashine ifanye kazi". Dramu yenye nguo mbichi huzunguka mara 700 kwa dakika au zaidi, na mkono wa mtoto hautakuwa na muda wa kutoka.

Sasa hiyo mota inayosingiziwa. Mashine inanguruma, haizungushi, na baada ya muda kuna harufu ya joto. Chomoa plagi, ilaze mashine kwa upande juu ya blanketi, vua mkanda. Zungusha puli ya mota kwa mkono, kisha puli ya dramu. Ya dramu ikiwa ngumu, mzigo uko huko. Zote zikiwa laini, simamisha mashine, uiwashe bila mkanda ukiwa umekaa mbali nayo. Mota ikianza vizuri, ni nzima, na kilichoishinda ni mzigo. Ikinguruma tu, ishuku kapasita kwanza. Thamani yake imeandikwa ubavuni, kwa kawaida kati ya maikrofaradi 8 na 15 kwa volti 400 au 450. Pima kwa mita yenye sehemu ya kapasita: ya maikrofaradi 10 inayosoma 6 haiwezi kuipa mota msukumo wa kuanza. Iliyovimba haihitaji hata kupimwa. Ukibadilisha, maikrofaradi ziwe zilezile; volti zinaweza kuzidi, zisipungue.

Kapasita ikiwa nzima, pima ukinzani (kwa omu) wa nyaya tatu za mota. Moja ni ya pamoja. Kutoka hiyo kwenda kwa kila moja ya nyingine mbili, usomaji uwe karibu sawa, kwa sababu mota hii huzunguka pande zote mbili kwa nguvu ileile. Kati ya hizo mbili, usomaji uwe jumla yake. Mfano, omu 25 na 25, kisha 50. Upande mmoja ukisoma 25 na mwingine 9, koili imeungua ndani. Waya yoyote ikisoma kitu kati yake na bati la mota, mota hiyo inavujisha umeme na isirudishwe kazini. Hapo, na hapo tu, neno "mota imeungua" ni la kweli. Mota za inveta zisizo na mkanda hazina kapasita hii na hupimwa kwa njia nyingine.

Mkanda nao usisahaulike. Ukiubonyeza katikati kwa kidole ushuke kama sentimita moja. Ukilegea, mashine hufua nguo chache na kushindwa nyingi, na harufu ya mpira husikika. Legeza bolti za mota, isogeze nyuma, kaza. Lakini kama mkanda umekazwa na sahani ya chini, ile inayozungusha nguo ndani ya dramu, bado inateleza kukiwa na nguo, fungua skrubu moja iliyo katikati yake na uinyanyue. Angalia tundu lake la chini: meno ya ndani yakiwa yamelainika kama ukingo wa sabuni iliyotumika, ni sahani yenyewe. Mkiwa hapo, toeni sarafu na waya za sidiria zilizojificha chini yake; hizo ndizo zinazokwaruza.

Kuruka wakati wa kukamua kuna kipimo cha mkono. Mashine ikiwa tupu, sukuma dramu chini kwa kona moja, uachie ghafla. Irudi juu na kutulia. Ikicheza mara mbili tatu, zile fimbo nne za kuning'inizia tangi zimechoka. Zibadilishwe zote nne pamoja, maana iliyo mpya pamoja na tatu zilizochoka huvuta upande. Kabla ya hapo hakikisha miguu yote minne inagusa sakafu na pimamaji linakaa katikati.

Povu nalo lina kesi yake. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi ambalo hushika dramu isizunguke na kuifanya pampu izungushe hewa. Ukiona povu linatoka chini, punguza sabuni kabla ya kutafuta tundu. Kusafisha harufu, zungusha mashine tupu kwa maji ya nyuzi 60. Ukitumia jiki, usichanganye na siki wala ndimu, kwa sababu hutoa gesi ya klorini.

Linabaki suala la beringi. Kelele ya mngurumo inayopanda kadiri dramu inavyoongeza mwendo, pamoja na alama ya kutu chini ya tangi, ni beringi iliyoingiliwa na maji. Anayebadilisha beringi na kuirudisha sili (mpira wa kuzuia maji) ya zamani anamuuzia mteja miezi michache, kwa sababu maji yaliyoua beringi ya kwanza yalipita kwenye sili hiyohiyo. Mteja adai vyote viwili vipya, na akabidhiwe vya zamani mkononi avione.

Fundi wa mashine za kufulia