Barua kwa Somoe, kabla hujaingia wodi ya wazazi

Somoe mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Newala. Sisi wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua.

Mama mdogo amenieleza yaliyotokea wodini. Kwamba ulimfokea mama wa watu kwa kuchafua shuka, na ulipoulizwa ukajibu hata wakubwa husema hivyohivyo. Nimekasirika, nisikufiche. Na Jumatatu unaingia wodi ya wazazi.

Mama aliyeogopa hasemi, Somoe. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nilipokuwa bado kazini wodini, nilipokea zamu asubuhi, nikamkuta mzazi aliyejifungua usiku. Chati yake nzuri, presha 110 kwa 70. Nilimsalimu, akajibu kwa sauti ndogo, akaomba maji. Nikampa, akaomba tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi na una jasho. Nikahesabu mapigo ya moyo dakika nzima: 124, yanakwenda mbio. Nikafunua. Alikuwa amekunja khanga mbili chini yake, zimelowa chapachapa, na ya tatu ameitandika chini ya hizo ili shuka isiguswe. Usiku aligombezwa kwamba anachafua kitanda, basi damu akaificha.

Mji wa mimba ulikuwa laini, na kibofu kimejaa. Kibofu kikijaa, mji haukazi. Tulimtoa mkojo, tukausugua mji mpaka ukakaza, tukamchoma oksitosini, dawa ya kukaza mji, tukamwekea dripu, daktari akaja. Alipona. Lakini aliyeandika ile presha hakudanganya, kipimo kilisoma hivyo. Mzazi kijana mwili wake huishikilia presha, mapigo ndiyo hupanda kwanza, na presha ikija kushuka damu imeshakwenda nyingi. Zile mililita 500 ulizokariri, kwamba damu ikifika hapo ni hatari, nani atakupimia zikiwa zimefichwa kwenye khanga?

Uliniambia kwenye simu kwamba akili hisia na fikra tunduizi, yaani kutambua hisia zako na za mwenzako na kulipima jambo kabla ya kuliamini, ni somo la kujibia mtihani tu, kazi yenyewe ni sindano na dawa. Alama zako nimeziona, nimewaonyesha mpaka majirani, na baba yako karatasi ile anatembea nayo. Lakini hapo umekosea. Mzazi akiona uso wako umekunjamana, atakwambia "sijambo" huku anakufa. Na ukishaambiwa "sijambo," utaandika nini kwenye chati? Huwezi kufikiri vizuri juu ya mtu ambaye umemfunga mdomo.

Ukali huo najua umeutoa wapi, hapo sina la kusema sana. Ila ukijiona unataka kufoka, toka, nawa mikono, vuta pumzi, ndipo urudi. Na usiingie zamu ya usiku na njaa, nakujua ukiwa na njaa.

Halafu kuna jambo jingine. Huku kwetu mmefunzwa tangu unyagoni kwamba mkubwa akisema, mdogo anainamisha kichwa. Heshima hiyo baki nayo, lakini usiinamishe kichwa mgonjwa anapoharibika. Usimwambie sista wa zamu "hali yake siielewi," maana atakwambia subiri. Mwambie: "Shikamoo sista, huyu mapigo yalikuwa 88, sasa ni 124, na mkono wa baridi, naomba uje umwone." Akikataa, rudi tena. Akikasirika, mwache akasirike, wewe baki na mgonjwa.

Na yule mama uliyemfokea, kama bado yupo, nenda kamwombe radhi. Usipeleke maneno mengi. Mpelekee maji ya moto ya kuogea.

Mikorosho tumeshaipulizia salfa mara ya kwanza, ugonjwa wa ubwiri unga mwaka huu haujashika sana kwenye shamba la juu. Ada iliyobaki tutalipa minada ya korosho ikianza, kwa hiyo mwambie mhasibu Oktoba, usimwahidi mapema. Kaka yako anataka tuwauzie wa kangomba, wale walanguzi wanaonunua korosho kinyemela, tupate hela ya haraka, nimekataa. Bati la jikoni limeng'oka na upepo, fundi anakuja kesho.

Viatu vyeupe na saa yenye mshale wa sekunde nimempa dereva wa basi la asubuhi. Nenda stendi Ijumaa mapema, na ukishapokea nipigie. Saa hiyo usimwazime mtu, utaihitaji Jumatatu.

Mama yako