Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaoandika Vifo

Wanangu,

Nimemaliza kusoma bahasha ya hadithi mlizoniletea, na kichwa kinaniuma. Karibu kila moja ina maiti, na karibu kila kifo kimevaa joho jeusi, kimeshika mundu, huku kunguru wakilia na majani yakipukutika kwa baridi. Baridi ya wapi, Masaka? Migomba ya kwenu ilipukutisha majani lini?

Siwalaumu ninyi peke yenu. Nimeziona zile karatasi za fotokopi mnazouziwa kabla ya mtihani: nyeusi ni kifo, nyeupe ni usafi. Jirani yangu Mwislamu akifa atavishwa sanda nyeupe. Huyo tumwandike safu ipi? Tumewakaririsha watoto alama kama bei za sokoni, kisha tunalalamika kwamba hawana ubunifu.

Na hazina mnayo nyumbani. Katika hekaya ya Waganda, Nambi, akishuka kutoka mbinguni na mumewe Kintu, mtu wa kwanza, alionywa asirudi nyuma. Akarudi kuchukua ulezi wa kuku wake, na kaka yake Walumbe, yaani Kifo, akamfuata hadi kwa Kintu. Ulezi wa kuku, jamani! Halafu tazameni Kifo ni nani humo: ni shemeji. Anaomba mtoto wa kumpikia, ananyimwa, anaanza kuua. Ndugu yake Kayikuzi anatumwa kumkamata, watu wanaagizwa wanyamaze, watoto wanapiga kelele, naye Walumbe anazama ardhini kule Ttanda. Wazee wasio na kalamu waliona kwamba kifo huingia kwa mlango wa jamaa, nyuma ya mtu aliyejali kuku wake. Ninyi mnaniletea mundu.

Mengine nayataja tu. Kabaka, mfalme wa Buganda, akifariki husemwa moto umezimika, na ule wa langoni pa jumba lake la Mengo huzimwa kweli. Mshairi wa Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, akiwalilia matajiri wa mji wa Pate, alionyesha popo wakining'inia na ndege wakilaza makinda katika vidaka vilivyowekwa vyombo vya thamani, hakuhitaji fuvu. Mvua isinyeshe kila mazishi. Maiti asihutubie.

Ila mutuba, mti ambao gome lake hufanywa nguo, siwezi kuuruka. Wiki tuliyomzika bibi, alifungwa mbugo, yaani nguo za gome hilo, moja juu ya nyingine, kila jamaa na yake, hadi nikahisi amenenepa. (Nilicheka, nikachapwa.) Siku chache baadaye nikaenda na mjomba shambani. Alikuwa amechuna gome la mutuba, shina limebaki jekundu kama kidonda, naye akawa analizungushia majani ya mgomba ili gome jipya liote. Mimi nilimshikia kamba. Nikamuuliza: mjomba, kwani mti nao amekufa, mbona unamvisha kama bibi?

Hakunijibu. Alikaza fundo, akaniambia nilete jani jingine.

Jjajja wenu,
mwalimu mstaafu, Masaka